Kabla ya kuiflashi simu: jibu kwa dada wa Nkuhungu anayefuatiliwa

Swali: Nina miaka 31, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Niliachana na mwenzangu miezi minne iliyopita, hatukubahatika kupata mtoto. Tangu hapo anajua kila ninapokwenda. Nilipanda basi kwenda msibani Kongwa, kabla sijashuka akanitumia ujumbe wa pole. Maneno niliyomwandikia dada yangu WhatsApp ananirudishia neno kwa neno. Simu alininunulia yeye na akaniwekea kila kitu, laini pia aliisajili kwa NIDA yake, yaani kitambulisho chake cha taifa, kwa sababu namba yangu ilikuwa haijatoka. Wiki iliyopita ameanza kusema nisiporudi atarusha picha zangu za faragha kwenye grupu la kazini. Fundi simu ameniambia niiflashi simu, yaani niifute yote ianze upya, na nitupe laini, mambo yataisha. Nifanye hivyo?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Usiiflashi, na laini usiitupe. Fundi hana nia mbaya, ila anachokushauri ni kazi ya mwisho na wewe bado uko mwanzo. Ukiiflashi leo unapoteza vitu vitatu kwa mkupuo: jumbe za vitisho ambazo ndizo ushahidi wako, nyayo zinazoonyesha anaingilia wapi, na nafasi ya kujipanga kabla hajajua kwamba umemgundua. Tena, kwa kuwa simu aliiandaa yeye, huenda akaunti ya Google iliyomo ni yake. Simu ya Android ikiflashiwa kwa vitufe, kama mafundi wanavyofanya, ikiwaka inadai akaunti iliyokuwamo mwanzo. Usipokuwa na nywila yake umebaki na kioo kitupu, na mwenye ufunguo ni yuleyule unayemkimbia.

Kabla ya simu nikuulize kuhusu mwili wako. Je, amewahi kukukaba shingo, kukushikia kisu au panga, kusema atakuua au atajiua, au kukuvizia nyumbani ama kazini? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja tu, weka pembeni mambo yote ya kiufundi ninayoeleza hapa, nenda polisi leo ukiwa na mtu, na wiki hii usilale peke yako. Mwanamume anayemfuatilia aliyemwacha anashikilia uhusiano uliokwisha kwa kamba hiyo ya simu. Siku kamba ikikatika ndipo hasira hupanda, kwa hiyo siku hiyo ichague wewe, asiichague yeye wala isije kwa bahati mbaya.

Tangu sasa ihesabu simu yako kama chumba ambacho yeye yumo ndani. Endelea kuitumia kama kawaida, piga soga zako za kawaida, ila mipango yote ipitie kwingine. Hata jibu hili ni vizuri ulisome kwenye simu ya mtu. Unahitaji simujanja moja safi, yaani ambayo haijawahi kupita mikononi mwake, hata ya kuazima kwa saa chache, na kitochi kimoja, simu ndogo ya vitufe ya bei ndogo. Kosa linalofanyika sana ni mtu kununua simu mpya mjini, kisha akifika nyumbani anaingiza Gmail ileile na kurudisha bakapu yote. Huyo amehama nyumba na kumbeba mpelelezi kwenye sanduku.

Anachokijua kinapita mlango gani?

Chukua daftari la karatasi. Kila jambo alilolijua liandike: tarehe, saa, alisema nini kwa maneno yake, na nani mwingine au kifaa gani kingine kililijua jambo hilo. Ukifikisha matukio matano au sita utaanza kuona mfereji. Maneno yana mlango wake, mahali ulipo pana mlango wake, na pesa zina wake. Wengi hukosea hapa: wanadhani kuna mdudu mmoja ndani ya simu anayefanya yote, wanahangaika kumtafuta mdudu, na milango ya kawaida inabaki wazi.

Tuanze na WhatsApp, kwa kuwa ananukuu neno kwa neno. Fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu juu kulia, kisha ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja huunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, na mtu aliyeikuta simu yako imefunguliwa hahitaji hata dakika nzima kukamilisha kazi. Baada ya hapo kompyuta yake inapokea kila ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa. Muungano huo hufa wenyewe pale tu simu kuu isipotumika kwa siku 14, na wewe unaitumia kila siku, kwa hiyo haufi. Ukikuta kifaa usichokijua, soma aina yake na saa kilipotumika mara ya mwisho, kipige picha kwa simu nyingine, kisha toka bila kukiondoa. Orodha ikiwa tupu, mwombe dada yako naye akague ya kwake. Mazungumzo yana ncha mbili na watu hukagua moja.

Safari ya Kongwa inatuambia jambo. Ulikuwa kwenye basi, kwa hiyo hakuna kifaa kilichofichwa kwenye gari au pikipiki. Yaelekea ni simu, au ni mtu. Kwa upande wa simu, fungua Google Maps, gusa picha yako juu kulia, uingie sehemu ya kushiriki mahali ulipo. Anayekuona jina lake limeandikwa pale. Lakini kuna njia ya pili isiyoonekana kwenye Maps kabisa. Yeyote mwenye nywila ya akaunti ya Google iliyomo kwenye simu anaweza kuifungua kwa kompyuta yoyote na kutumia huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Ataiona simu kwenye ramani, anaweza kuifunga, na anaweza kuifuta yote akiwa hata Mwanza. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya usalama, utazame vifaa vilivyoingia, halafu utazame namba na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Vikiwa ni vya kwake, kubadili nywila ni kazi bure: atabofya kwamba amesahau nywila na akaunti itarudi mikononi mwake ndani ya dakika tano.

Kwa upande wa mtu, jiulize nani alijua unakwenda Kongwa kabla basi halijaondoka. Status ya WhatsApp uliyoiweka, picha ya binamu kutoka msibani, bodaboda wa kijiweni aliyekupeleka stendi, wifi ambaye bado anakupenda na bado anazungumza na kaka yake. Kuna jaribio rahisi. Chagua habari ndogo isiyo na madhara, kwa mfano kwamba unafikiria kubadili rangi ya pazia, na uipitishe njia moja tu: kwa dada yako kwenye WhatsApp, si kwa mtu mwingine. Habari nyingine iseme kwa mdomo kwa yule unayemtilia shaka. Subiri siku tatu au nne. Itakayorudi kwake inakuonyesha mlango. Usitumie kamwe habari ya mahali utakapokuwa. Hiyo si ya kuchezea.

Programu ya kupelelezea yenyewe, ile inayonasa sauti, jumbe na picha, ipo, lakini kwa kawaida huwekwa na mtu aliyeishika simu mkononi. Yeye alikukabidhi simu ikiwa tayari, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Hukusema simu ni ya aina gani, nimechukulia ni Android. Humo programu za namna hii kwa kawaida haziji kwa Play Store, hivyo aliyeiweka hulazimika kufungua ruhusa kadhaa, na ruhusa hizo ndizo nyayo. Ingia Play Store, gusa picha yako, fungua Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu mbaya: ikiwa imezimwa na si wewe uliyeizima, hiyo ni dalili nzito. Ndani ya mipangilio tumia kisanduku cha kutafutia na ukague sehemu nne: ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store, programu zenye mamlaka ya kusimamia kifaa, programu zinazosoma arifa, na ile sehemu ya huduma kwa wenye ulemavu, yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Hiyo ya mwisho ndiyo hupendwa zaidi na wapelelezi, kwa sababu programu iliyoruhusiwa hapo inaweza kusoma kila kilicho kwenye kioo. Majina yao huwa ya kuchosha makusudi, mara nyingi kwa Kiingereza: huduma ya mfumo, usawazishaji, Wi-Fi. Ukiikuta, usiifute. Ipige picha, kwa sababu ikizimika tu yeye anaona kwamba taarifa zimekoma.

Simu kupata moto na chaji kuisha haraka si ushahidi wa kutosha. Betri iliyochoka hufanya hivyohivyo, na jua letu la mwezi wa 10 nalo huzipasha simu zisizo na kosa.

Kuna ile namba inayosambazwa sana, *#21#, watu wakiambiwa inaonyesha kama simu imedukuliwa. Haionyeshi hivyo. Inaonyesha kama simu zinazokuja kwako zinaelekezwa kwenye namba nyingine, basi. Ni jambo la kukagua, maana kuna wanaoelekeza simu ili wapokee msimbo wa WhatsApp kwa sauti, na ##002# huondoa maelekezo yote. Ila jibu safi la *#21# lisikupe amani kuhusu mengine niliyoyataja.

Kama una iPhone, kuanzia iOS 16 ya mwaka 2022 kuna ukaguzi wa usalama ndani ya mipangilio ya faragha. Unakuonyesha unashiriki nini na nani, na una uwezo wa kukata vyote kwa pamoja. Kukata vyote ni kwa siku ile ya mwisho, si kwa leo.

Laini ndiyo mzizi

Kati ya yote uliyoandika, lililonishtua zaidi ni laini. Tangu usajili wa alama za vidole ukamilike mwaka 2020, laini ni ya yule ambaye kidole chake na namba yake ya NIDA vimo kwenye usajili. Kwa kampuni ya simu, mteja ni yeye. Wewe ni mtu aliyeishika tu. Anaweza kuingia dukani mchana kweupe, aseme laini yake imepotea, aweke kidole, na dakika chache baadaye laini iliyo kwako inakufa na yake inawaka. Kuanzia hapo misimbo ya WhatsApp, ya barua pepe na ya benki inakwenda kwake. Akaunti ya pesa ya namba hiyo nayo ina jina lake, kwa hiyo atabadili namba ya siri na salio litakuwa lake. Siku ukiona simu haina mtandao kabisa, na jirani mwenye mtandao uleule anapiga vizuri, usifikirie minara. Fikiria hilo.

Piga *106# kwenye laini hiyo ufuate menyu, uthibitishe imesajiliwa kwa jina gani. Ukishapata namba yako ya NIDA, piga tena kwenye laini yako mwenyewe utazame kama kuna namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Ukiikuta, nenda duka la kampuni hiyo wakaiondoe. Kuihamisha laini ya zamani iwe jina lako kunamtaka yeye akubali, na hilo usilitarajie. Sajili mpya kwa kidole chako, kwa kampuni yoyote, na namba hiyo wape watu wawili watatu tu kwa sasa.

Pesa zilizo kwenye laini ya zamani zitoe kidogokidogo kwa wakala, kwa viwango vyako vya kawaida. Usizitume moja kwa moja kwenye namba mpya, kwa sababu ujumbe wa muamala utaiandika namba hiyo wazi kabisa na huenda yeye anausoma. Kama kikoba chenu kinapitia simu, mweleze mweka hazina uso kwa uso. Benki nenda tawini ukabadili namba ya simu ya akaunti. Usifanye hivyo kwa simu ya zamani.

Ushahidi, kisha polisi

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ujumbe wa simu uwe ushahidi. Lakini mahakama hupima uzito wake kwa kuangalia ulivyotunzwa, kama haukuguswa, na jinsi aliyeutuma alivyotambuliwa. Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Mtu analeta skrinshoti yenye jina alilolihifadhi mwenyewe, “Shetani”, bila namba wala tarehe, na simu yenyewe ameshaiflashi. Wewe fanya hivi: kwa simu nyingine, rekodi video ukifungua mazungumzo, ukigusa jina ili namba ionekane, ukionyesha tarehe, kisha ukipandisha taratibu tangu mwanzo hadi mwisho. Usikate. Picha za WhatsApp zipige mara ujumbe unapoingia, maana mtumaji anaweza kuufuta kwako pia. Usimforwadie dada yako ukadhani umehifadhi. Ujumbe uliosambazwa unapoteza aliyeuandika. Piga *#06# uandike daftarini IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Nakala za video ziwe sehemu mbili zisizohusiana na akaunti yako ya zamani.

Mjibu mara moja tu, kama hujawahi kumwambia wazi: “Sitaki mawasiliano na wewe. Usinitumie ujumbe tena.” Bila tusi, bila maelezo. Baada ya hapo nyamaza. Ujumbe huo utakusaidia kuonyesha kwamba alijua hutaki na akaendelea. Na usijaribu kuingia kwenye simu yake au akaunti yake kutafuta ushahidi, hata kama nywila unaikumbuka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazuia kuingia bila ruhusa katika kifungu cha 4, na haimbagui aliyeumizwa.

Sheria hiyohiyo ndiyo ngao yako. Kama ilivyopitishwa 2015, kifungu cha 23 kinamhusu anayetuma mawasiliano kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kifungu cha 4 kinamgusa kwa kuingia kwenye akaunti yako. Akifungua akaunti kwa jina na picha yako, kuna kifungu cha 15 cha kujifanya mtu mwingine.

Kituoni omba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Kituo kikuu cha mjini ni bora kuliko kituo kidogo cha mtaani, kwa sababu kuna askari wa dawati na ni rahisi jalada kufika kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao. Namna unavyoeleza ina uzito mkubwa. Ukisema “mume wangu wa zamani ananisumbua”, utaambiwa mkayamalize kifamilia. Sema: “Tarehe fulani saa fulani, kwa namba hii, alinitishia kusambaza picha zangu nisiporudiana naye. Tarehe fulani alinukuu ujumbe niliomwandikia dada yangu, na kwenye WhatsApp yangu kuna kompyuta nisiyoijua. Nina video na simu yenyewe hii hapa.” Toa daftari. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na huduma hiyo hailipiwi. Kama umepigwa, dai PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda hospitali. Wakikurudisha nyumbani, omba kumwona mkuu wa kituo, na akishindwa yeye, mkuu wa polisi wa wilaya. Si utovu wa adabu, ni ngazi zilizowekwa. Afisa ustawi wa jamii anaweza kukusindikiza, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawakutozi. Hatari ikiwa mlangoni, piga 112.

Usichelewe kwa kusubiri ushahidi ukamilike. Kumbukumbu za kampuni za simu haziwezi kuombwa na wewe. Huombwa na polisi, na hazikai milele.

Siku ya kufunga

Chagua siku ya kazi, asubuhi, ili polisi, benki na duka la simu viwe wazi kwa pamoja. Dada yako ajue, na mkubaliane neno moja ambalo ukilituma maana yake aje. Anzia polisi. Kisha, ukiwa na simu safi na laini mpya, fungua barua pepe mpya kabisa, isiyo na jina lako la utani wala mwaka wako wa kuzaliwa, na urejeshaji wake uwe kwa namba mpya. Hamishia huko Facebook, Instagram na kila kitu kingine: badili barua pepe kwanza, nywila ya pili, halafu toa vifaa vyote vilivyoingia. Ukigeuza mpangilio huo, taarifa ya kubadili nywila itaangukia kwenye barua pepe anayoisoma.

WhatsApp fungua akaunti mpya badala ya kutumia huduma ya kubadili namba. Huduma ile ni nzuri, ila makundi yote uliyomo huona kwamba namba imebadilika, na inatosha rafiki yake mmoja awemo. Weka mara moja uthibitishaji wa hatua mbili wenye tarakimu sita. Kwenye simu ya zamani, ukishapiga picha za kila kitu, toa vifaa vilivyounganishwa, zima kushiriki mahali, chomoa laini, uizime simu na uitie kwenye bahasha. Simu iliyozimwa haiwezi kufutwa kwa mbali. Amri ya kufuta husubiri ipate intaneti. Polisi wakiichukua, dai hati ya kupokelewa. Laini ya zamani iingie kwenye kitochi, ikae nyumbani kwa dada yako, ipokee vitisho kama vitaendelea. Kitochi hakimwonyeshi upo wapi.

Kwa hiyo, dada, simu haiflashiwi mpaka shauri liishe. Inatunzwa.

Tishio la picha

Usimlipe, usimrudie kwa sababu hiyo, usimtumie picha nyingine ili afute za zamani. Picha haifutiki kwa ahadi ya mtu anayeitumia kama kamba.

Kama nakala ya picha unayo wewe, tumia StopNCII.org, iliyoanza Desemba 2021 kwa watu wazima. Unaichagua picha kwenye kifaa chako, tovuti inatengeneza alama ya kidole ya kidijitali ya picha hiyo, na ni alama tu inayotumwa. Picha haitoki kwenye simu yako. Facebook, Instagram, TikTok na mitandao mingine iliyojiunga huizuia picha yenye alama hiyo isipandishwe. Fanya hivyo kwa kila nakala, maana picha iliyokatwa pembeni huweza kutoa alama tofauti. Andika namba ya shauri na PIN utakayopewa. Zikipotea hutaweza kufuatilia. Walio chini ya miaka 18 wana huduma ya aina hiyo inayoitwa Take It Down, na hapa nchini wapige 116. Udhaifu wa StopNCII ni kwamba haiingii ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, ambayo yamefungwa hata kwa kampuni yenyewe.

Kwa hiyo grupu la kazini lina kazi yake. Mtafute msimamizi wa grupu, mtu mmoja mwenye busara, umwambie kwa ufupi kwamba kuna mtu anayetishia na polisi wanajua. Huhitaji kueleza picha zina nini. Mwombe afanye mambo matatu: abadili kiungo cha kujiunga ili kile cha zamani kife, aongeze wanachama yeye mwenyewe tu, na picha ikiingia aifute kwa wote mara moja, jambo ambalo msimamizi ana uwezo nalo. Ila kabla ya kuifuta anakili namba iliyotuma na saa. Mwajiri wako naye ni bora asikie kwako kuliko kwa picha. Ni mazungumzo magumu, najua, lakini tishio likishasemwa na wewe mwenyewe linapungua nguvu sana.

Picha zikisambaa, usizichapishe wala usizitume kwa jamaa ili kuonyesha ubaya wake. Sheria ya mtandao inazuia kusambaza ponografia, na wewe usijipe kesi. Mwonyeshe mpelelezi kwenye kioo cha simu, akiwepo askari wa kike ukitaka. Ziripoti pale zilipo, na Google wana fomu ya kuondoa picha za faragha kwenye matokeo ya utafutaji.

Baada ya siku 14 kagua upya vifaa vilivyounganishwa, akaunti na *106#. Akitaja tena jambo jipya wakati milango yote hii imefungwa, usikimbilie kununua simu ya tatu. Rudi kwenye daftari uangalie ile safu ya nani mwingine alijua. Safari hii yaelekea mlango ni mtu, na yule wa kuzungumza naye kwanza ni aliyepewa namba yako mpya.